Kibao cha mkia cha ubao wa mawimbi: mti mmoja, mbao za tabaka, au rezini?

Povu la ubao wa mawimbi lina uzito wa kilo 35 hadi 50 kwa kila mita ya ujazo. Mvule una kilo 660 hivi. Faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) iliyoloweshwa rezini (gundi ya majimaji inayogeuka ngumu) ikakauka hupita kilo 1,600. Bandika kimojawapo mkiani, pitisha msasa mara kumi juu ya mpaka wao, na utakuta povu limechimbika bonde huku kibao kikiwa hakijashtuka. Kasoro nyingi za vibao vya mkia huanzia hapo, ndiyo maana hapa tunaanza na ugumu na uzito. Urembo utafuata.

Kwa asiyekizoea: kibao cha mkia, ambacho mafundi wa California, Hawaii na Australia hukiita teilibloku, ni kipande cha mbao au rezini chenye kina cha sentimita 2 hadi 4 kinachobandikwa mwisho wa ubao, hasa ubao mrefu wenye mkia uliokatwa mraba. Enzi ambazo ubao mzima ulichongwa kwa balsa kilikuwa na kazi ya kweli. Balsa ni laini, na ubao ukisimamishwa kwa mkia wake sakafuni, pembe ndizo zinazovunjika kwanza. Povu la poliyurethani liliposhika soko mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kazi ya Hobie Alter na Gordon Clark huko California, kibao kikabaki zaidi kuwa pambo na alama ya fundi asiye na haraka. Bado kinalinda pembe, lakini tusidanganyane: tabaka mbili za ziada za faiba zingezilinda kwa uzito mdogo zaidi.

Uzito kwanza

Chukua kipande ghafi chenye upana wa sm 14, kimo cha sm 3.5 na kina cha sm 2.5. Ujazo wake ni sentimita 122.5 za ujazo, na mizani itasoma hivi:

| Nyenzo | Gramu (kadirio) |
|---|---|
| Povu la poliyurethani (kipande kilichokatwa kupisha kibao) | 5 hadi 6 |
| Balsa | 20 |
| Paulonia | 34 |
| Mwerezi mwekundu wa Marekani | 47 |
| Mahogani ya Amerika ya Kati | 72 |
| Mvule | 81 |
| Rezini tupu ya poliesta | 147 |
| Mpingo | 156 |
| Faiba na rezini, tabaka juu ya tabaka | 208 |

Kuchonga kutaondoa sehemu ya uzito huo, lakini uwiano haubadiliki. Balsa ndiyo isiyotabirika kuliko zote: vipande viwili vinaweza kutofautiana maradufu, basi vipime kimoja kimoja.

Kwenye ubao wa mita 2.9 wenye kilo 7 au 8, gramu 80 mkiani hazimsumbui mtu. Gramu 200 zinaanza kusikika wakati wa kugeuza, kwa sababu uzito uliokaa ncha kabisa huuburuza ubao hata baada ya mguu kuamuru. Kwenye ubao mfupi wa kilo 2.5 hadi 3, kibao cha faiba tupu ni kosa la hesabu. Hapo ni balsa, paulonia, au uache kabisa.

Mti mmoja

Hii ndiyo njia fupi. Unahitaji msumeno, randa, msasa na gundi, na kazi inaisha siku moja ukiondoa muda wa gundi kukauka. Ila usahili wake unaficha mambo mawili yanayowaponza wengi.

La kwanza ni mwelekeo wa nyuzi. Nyuzi za mti zipite kutoka ukingo wa kushoto wa ubao hadi wa kulia, wala si kutoka kichwani kwenda mkiani. Zikienda hivyo, uso unaobandikwa kwenye povu unakuwa wa ubavu wa nyuzi, unaoshika gundi vizuri, na ule upana wa sm 14 unakuwa ndio urefu wa nyuzi, ambao haupanuki wala kusinyaa kwa kiasi cha kuonekana. Ukizigeuza, vichwa vya nyuzi vinatazama povu upande mmoja na bahari upande mwingine. Vinakunywa gundi hadi kiungo kinabaki kikavu, na siku ufa utakapotokea vitakunywa maji ya chumvi vilevile.

La pili ni unyevu wa mbao. Inayotakiwa ni asilimia 8 hadi 12. Mbao iliyokaa wazi kwenye hewa ya pwani hutulia karibu asilimia 14 au 15. Ukiifunga kwa faiba ikiwa hivyo, kisha ubao ukaachwa juani, mvuke utatafuta njia na kuinua faiba kwa madoa meupe. Nunua mbao iliyokaushwa kwa tanuri, na uiweke ndani ya nyumba wiki mbili au tatu kabla ya kuikata.

Kuhusu aina ya mti, mwerezi mwekundu na mahogani ndizo za kawaida Marekani, na koa ina heshima yake Hawaii. Huku kwetu mkangazi unachongeka vizuri na rangi yake ni ya kupendeza. Msaji na mvule ni imara lakini zina mafuta: paka asetoni kwa kitambaa safi, subiri dakika chache ikauke, kisha gundi ifuate saa hiyohiyo, maana mafuta hupanda tena juu. Mpingo una tatizo jingine zaidi ya uzito. Ni wa jamii ya Dalbergia, na kemikali zilizomo kwenye miti ya jamii hiyo huzuia rezini ya poliesta kukauka. Utakuta ubao mzima umekauka isipokuwa utando unaonata juu ya kibao. Ukiutaka mpingo, ubao uufunike kwa epoksi, aina nyingine ya rezini, badala ya poliesta, au uutumie mpingo kama mstari mwembamba tu. Jamii yote ya Dalbergia imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017 (isipokuwa Dalbergia nigra ya Brazili, iliyo katika Kiambatisho cha I), hivyo anayetaka kusafirisha mbao hiyo nje ya nchi aulize vibali kabla ya kuinunua.

Mbao za tabaka zenye mistari ya rezini

Hapa ndipo tunaposimama sisi kwa ubao mrefu. Uzito unaweza kuuchagua kwa kuchanganya miti, ugumu unakuwa wa wastani, na pambo linalotokea ni zuri kuliko la mti mmoja. Gharama yake ni muda: kata, randa, gundi, subiri siku nzima, kisha ndipo uanze kile ambacho mwenye mti mmoja alianza jana.

Mfano wa vipimo: vipande vitano vya mm 4 na mistari minne ya rezini ya mm 1 vinatoa kina cha mm 24. Kata kila kipande upana wa mm 150 na kimo cha mm 45 ili pabaki pa kuchonga. Kila mstari utakula sentimita 6.75 za ujazo za rezini, yote minne ni 27. Changanya gramu 50 za epoksi, kwa sababu sehemu itanyonywa na mbao na nyingine itabanwa nje. Ukitengeneza mche wa sm 50 badala ya 15, unapata vibao vitatu kwa kazi karibu ileile. Mafundi wanaouza hufanya hivyo daima.

Randa vipande hadi tofauti ya unene isizidi mm 0.2 kutoka ncha hadi ncha. Kisha uvikwaruze kwa msasa namba 80, kwa kuwa uso uliong'arishwa na randa kali hauna pa kushikia. Pima epoksi na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha, kwa mizani inayosoma gramu 0.1, na soma lebo kwa makini: uwiano wa ujazo na uwiano wa uzito si namba moja, na watu wengi wamepata mchanganyiko usiokauka kwa kusoma wa kwanza huku wakipima wa pili. Paka epoksi tupu nyembamba kwenye nyuso zote, subiri dakika 10 hadi 15 mbao inywe. Iliyobaki iongeze rangi, isizidi asilimia 5 ya uzito, kisha unga wa silika hadi ikome kutiririka. Paka, panga, bana.

Kubana ndiko kunakoharibu. Kwenye useremala tumefundishwa kukaza jiliwa hadi gundi itoke jasho. Ukifanya hivyo hapa, rezini yote itatoka na mstari wako wa mm 1 utakuwa uzi usioonekana, mahali pengine hata gundi haipo. Weka vipande vya mshipi wa kuvulia wa nailoni wenye unene wa mm 1 kwenye ncha mbili za kila mstari, sehemu ambayo itakatwa na kutupwa baadaye. Vitazuia mbao zisikaribiane zaidi ya hapo. Kaza polepole, mpaka rezini ichungulie tu. Njia nyingine ni kuweka tabaka tatu au nne za kitambaa cha faiba cha gramu 200 badala ya mshipi. Mstari unakuwa imara zaidi, ila rangi inapungua kukolea kwa sababu nyuzi za kioo zinaonekana ndani yake.

Tabaka zipangwe kuelekea wapi? Kuna njia tatu, na hazifanani kwa ugumu. Mbao zikisimama sambamba na mkato wa mkia, mistari inaonekana upande wa juu wa ubao ikikatiza kutoka ukingo hadi ukingo, na hata ukichonga vibaya kidogo itabaki minyoofu. Anza na hiyo. Zikilala moja juu ya nyingine kama chapati, mistari inaonekana ukitazama ubao kwa nyuma, na kila mviringo utakaouchonga kingoni utaichora kama mistari ya milima kwenye ramani. Inapendeza ikifanywa kwa kujua, lakini kibao kikiinama digrii (nyuzi) moja tu dhidi ya tumbo la ubao, mistari itaonekana inakimbia upande na hakuna msasa utakaoirudisha. Ya tatu ni umbo la mshale, nusu mbili zilizokatwa kwa nyuzi 45 zikakutana kwenye uti wa kati wa ubao. Kosa la nyuzi moja kwenye msumeno linajirudia pande zote mbili, na jicho la mteja litaliona kabla hujamaliza kumwonyesha.

Onyo moja la rangi: ukipiga msasa mti mweusi na mweupe kwa pamoja, vumbi la ule mweusi huingia kwenye matundu ya mweupe na kukaa humo. Mninga ni mkorofi zaidi, vumbi lake hutia doa hata povu jeupe la jirani. Ziba mti mweupe kwa epoksi nyembamba kabla ya msasa wa mwisho, piga msasa kufuata mistari, na vumbi uliondoe kwa kupuliza au kwa mashine ya kunyonya. Kitambaa chenye asetoni kitalisukuma ndani zaidi.

Faiba tupu, tabaka kwa tabaka

Hiki ndicho kibao kizito kuliko vyote na ndicho kigumu kuliko vyote. Hakinyonyi maji, hakipanuki, na pembe yake ikigongwa mwamba huchubuka tu. Vilevile ndicho kinachotumia mabaki: vipande vya kitambaa vinavyokatwa kingoni wakati wa kufunika ubao vinatosha.

Tabaka moja la kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, likiloweshwa kwa mkono, hutoa unene wa mm 0.25 hadi 0.3. Ukitaka sm 2.5 kwa mkupuo mmoja unahitaji tabaka zipatazo 90. Usifanye hivyo. Tengeneza bapa la sm 30 kwa 16 lenye tabaka 40, unene wake utakuwa kama mm 11, kisha likate vipande na uvibandike viwili viwili. Bapa hilo litatumia gramu 384 za kitambaa na gramu 400 hadi 450 za rezini. Badilisha rangi kila baada ya tabaka tano, upate mistari ya mm 1.4 hivi.

Litandaze juu ya kioo kilichopakwa nta ya gari mara tatu. Ukitumia poliesta, chukua ile ya kulowesha isiyo na nta ndani yake, kwa sababu uso wake hubaki na mnato na tabaka zinazofuata hushikana nayo. Weka tabaka nane hadi kumi, acha zigande na joto lishuke, ndipo uendelee. Ukizilundika zote arobaini kwa haraka, katikati patachemka, patageuka rangi ya maziwa au kupasuka. Kuikata nako kuna adha yake: meno ya msumeno wa mbao yanaisha baada ya vipande vichache, basi tumia msumeno wa chuma au diski ya almasi, na uvae mikono mirefu, maana vumbi lake linawasha siku mbili.

Katika karakana za Marekani kuna kitu cha bure kinachofanana na hiki: matone ya rezini ya rangi yanayodondoka chini ya ubao wa mawimbi wakati wa kuufunika, ambayo kwa miaka hujenga gamba lenye mistari kama jiwe. Mafundi hulikata na kulisugua wakatengeneza hata vito vya kuvaa. Kama kibao cha mkia linavutia, lakini halina nyuzi za faiba ndani, hivyo ni jepesi kupasuka. Likate bapa jembamba na ulibandike juu ya mbao.

Rezini ya kumimina yenye vipande vya mbao

Hii ndiyo inayopigwa picha sana na ndiyo tunayoipendekeza kwa uchache. Kipande cha mti chenye vifundo kinawekwa kwenye kisanduku, rezini ya rangi inamiminwa kuzunguka, inakauka, inakatwa. Mezani inafanya kazi nzuri. Mkiani kuna mambo matatu. Rezini bila faiba ni kama kioo, hukatika pembe. Poliesta husinyaa asilimia 5 hadi 8 ya ujazo inapokauka, na hivyo huachana na mbao na kuacha ufa mwembamba kandokando. Na mti uliojaa hewa hutoa viputo saa nzima ndani ya rezini unayoitaka iwe angavu.

Ukishikilia, tumia epoksi, ambayo kusinyaa kwake ni kidogo sana. Ziba mti kwa epoksi nyembamba siku moja kabla. Mimina kina kisichozidi sm 1 kwa mara moja isipokuwa epoksi yako imetengenezwa kwa ajili ya kumimina. Juani epoksi angavu hugeuka njano. Yenye rangi nzito huficha. Nyeusi nayo huvuta joto, na ubao ukiachwa kwenye gari lililofungwa, povu la nyuma yake litaumia kabla ya kibao.

Poliesta au epoksi

Swali hili linaamuliwa na povu la ubao wako, wala si na kibao. Povu jeupe la polistairini, la jamii ya maboksi ya samaki, huyeyushwa na stairini iliyomo kwenye poliesta; kwa hilo ni epoksi tu. Povu la poliyurethani linapokea zote mbili. Kumbuka na mpangilio: epoksi hushika vizuri juu ya poliesta iliyokwaruzwa, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Kibao cha mbao chenye mistari ya epoksi bado kitashikwa na poliesta kwa kuwa sehemu kubwa ni mti. Kibao kilichomiminwa kwa epoksi yote, kikifunikwa kwa poliesta, kitabanduka kama gamba la yai. Na epoksi yoyote iache siku tano hadi saba, ioshe kwa maji na sponji ya kusugulia ili kuondoa utando wa mafuta unaobaki juu, ndipo upige msasa.

Kwa poliesta, hadina ya MEKP ni asilimia 1 hadi 2. Kwenye nyuzi joto 30 za pwani anza na asilimia 1, na pungufu kidogo kwa kipande kinene. Gramu 100 za rezini, gramu 1 ya hadina, kwa sirinji. Matone ya kuhesabu hayafanani. Katika maduka yanayouza rezini, kobalti (dawa ya kuharakisha kukauka) na hadina kila kimoja peke yake, usiruhusu kobalti na hadina vikutane bila rezini: huwaka au kulipuka. Koroga kobalti ndani ya rezini hadi isionekane, baadaye ndiyo hadina. Glavu, miwani, na barakoa yenye chujio la mvuke. Barakoa ya kitambaa haizuii stairini.

Kukibandika

Hatua hii ni moja kwa aina zote, tofauti ni uvumilivu. Kata mkia mraba dhidi ya uti wa kati na wima dhidi ya tumbo, kwa msumeno wa meno madogo, ubao ukiwa umeshachongwa isipokuwa sm 10 za mwisho. Kibao kizidi povu mm 5 kila upande. Kumbuka mpindo wa mkia: kimo cha sm 3.5 ni kwa ajili ya mkia wenye unene wa sm 2.5 hivi, kwa sababu kibao kilichonyooka lazima kipate nafasi ya kufuata mpindo huo juu na chini.

Gundi ni epoksi iliyoongezwa unga wa viputo vya kioo hadi iwe nzito kama siagi ya karanga. Epoksi tupu itaacha mstari mgumu unaobaki juu kama kovu baada ya msasa. Gundi ya poliyurethani inayovimba kwa maji ni rahisi kusawazisha, lakini husukuma kibao, basi kifunge kwa tepu pande zote, na mistari yake ya kahawia itaonekana chini ya faiba angavu. Gundi nyeupe ya seremala iache kwa viti. Bana kwa tepu kutoka juu ya ubao hadi tumboni, na mbili zaidi kutoka kingo. Jiliwa litaponda povu.

Kisha zamu ya ule mpaka. Bandika tepu ya karatasi tabaka mbili juu ya povu hadi mm 1 kutoka kwenye kiungo. Ondoa sehemu kubwa ya kibao iliyozidi kwa randa ndogo na kwa tupa ya kusugulia, ukisukuma kutoka kwenye povu kwenda kwenye kibao, kamwe si kinyume. Msasa namba 80 uwe umefungwa kwenye ubao mgumu wa sm 20, wala si sponji wala kiganja. Balsa na paulonia zitakufuata kwa upole. Mvule utahitaji subira mara tatu. Faiba isogeze karibu kabisa na vipimo vya mwisho *kabla* ya kuibandika, ibaki milimita moja tu ya kumalizia, maana milimita tano za faiba jirani na povu haziwezi kuisha bila bonde.

Pembe zizungushwe angalau mm 3, la sivyo kitambaa kitasimama na kuacha mfuko wa hewa. Kitambaa cha ubao kipite kiungo na kuingia juu ya kibao angalau sm 1.5. Kiungo kilichofunikwa kwa rezini tu bila nyuzi kitaonyesha ufa mwembamba mara ubao utakapopinda kwenye wimbi la kwanza kubwa. Kwa vibao vya mbao, paka tabaka la kwanza jioni joto likishuka. Asubuhi hewa ndani ya mti inapanuka na kutoboa rezini viputo kama ngozi ya kuku.

Nani achukue kipi

Ubao wako wa kwanza, wowote ule: mti mmoja mwepesi, nyuzi zikikatiza, kina cha sm 2. Ubao mrefu kwa mteja anayelipia urembo: mbao tano za tabaka, mistari ya epoksi, zikisimama sambamba na mkato. Ubao wa kukodisha au wa shule ya kuteleza, unaotupwa kwenye zege kila jioni: faiba tupu, uzito uvumiliwe. Ubao mfupi: balsa, au tabaka mbili za ziada za kitambaa na rangi. Rezini ya kumimina itakufaa kama ubao utaning'inia ukutani.

Tofauti ya mwisho haionekani dukani, huonekana siku ya kugongwa. Faiba iliyochubuka husuguliwa na kupakwa rezini alasiri ileile. Rezini ya kumimina iliyokatika pembe hujazwa, lakini rangi haitalingana. Mbao ndiyo inayodai uharaka: ufa wa upana wa unywele unatosha maji ya chumvi kuingia, na alama yake ni kivuli cheusi kinachosambaa kufuata nyuzi. Ukikiona, ondoa faiba hadi sm 2 kupita kivuli, suuza kwa maji baridi ya bomba kutoa chumvi, kausha kivulini wiki nzima au zaidi, na usifunge mpaka uzito wa ubao kwenye mizani ukome kupungua kwa siku tatu mfululizo.